Kiwiko Kimoja, Adhabu Mbili

Kwenye ligi ya mpira wa kikapu ya wanawake walimwita Kabati, na aliyemwona mara moja hakuuliza kwa nini. Alikuwa mrefu, mpana wa mabega, na aliyejaribu kumpita chini ya kikapu aligonga kitu kisichosogea. Nje ya uwanja alikuwa mpole mpaka watu wanashangaa. Aliishi na dada yake mkubwa, fundi cherehani, kwenye nyumba ambayo nguo za wateja zilijaa sebuleni na raba za Kabati zililala nje, dada akidai kwamba ama raba zikae ndani, ama wakae watu.

Msimu mmoja, mechi ikielekea mwisho, Kabati aliurukia mpira uliogonga ringi, akageuka nao, na kiwiko chake kikampata usoni mchezaji wa timu pinzani. Mchezaji huyo alikuwa Umeme, yule ambaye picha yake ilibandikwa kwenye mabango yote ya ligi. Mdomo ulipasuka, uwanja mzima ukazomea. Mwamuzi alimtoa Kabati nje, na baadaye kamati ya nidhamu ikamfungia mechi sita.

Adhabu yenyewe hakuipinga. Kilichomkera ni kwamba mwanzoni mwa msimu huohuo Umeme alikuwa amempiga yeye kiwiko juu ya jicho, akashonwa, na kamati ikampa Umeme onyo la mdomo. Kovu lilikuwa bado jekundu.

"Kata rufaa," dada alimwambia, pini zikiwa zimebanwa kwenye midomo.

"Wataniona mlalamishi."

"Mkorofi wameshakuona. Mlalamishi ni kupandishwa cheo, mdogo wangu."

Kocha alimshauri atulie, mechi sita zingepita hata hajajua. Kabati akapiga moyo konde, akakata rufaa.

Kamati ilikutana ghorofani kwenye ofisi za ligi, katika chumba chenye feni iliyokwaruza kila ikizunguka. Mwenyekiti alikuwa wakili mstaafu, mtu asiyepaza sauti. Waliangalia picha za matukio yote mawili kwenye televisheni, kisha wakazirudia polepole. Viwiko vilifanana kama mapacha.

"Binti yangu," mwenyekiti alisema, "wewe una rekodi. Mwenzako hana."

"Rekodi yangu ni ya kuvuta jezi na kusukumana, mheshimiwa. Kiwiko ni hiki cha kwanza. Na kama kosa lile la jicho langu lingehesabiwa, naye angekuwa na rekodi."

Mjumbe mmoja, aliyewahi kuchezea ligi hiyo, akakohoa. "Hapo ametushika," alisema.

"Sasa unataka nini hasa?" mwenyekiti aliuliza.

"Kipimo kimoja."

Wiki iliyofuata alikipata. Kamati ilitangaza kwamba imekubali hoja yake, kosa moja lazima liwe na adhabu moja. Kwa hiyo adhabu ya Kabati ilibaki palepale, na kesi ya Umeme ilifunguliwa upya, naye akafungiwa mechi sita. Nusu fainali ilikuwa mlangoni.

Kabati alikuwa amefikiria yake ingeshuka. Kwamba ya mwenzake ingepanda, wazo hilo halikumpitia kichwani hata kidogo. Mashabiki wa Umeme wakamkalia kooni. Walimtukana dukani na kituo cha basi, na hata wachezaji wenzake wakalalamika kwamba ameikosesha ligi watazamaji. Mteja mmoja alikuja kwa dada kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa.

"Aende salama," dada alisema mteja alipotoka. "Kiuno chake kilikuwa kinanipa homa."

Kabati hakucheka. "Wamemhukumu mara mbili kwa kosa moja, dada. Na mimi ndiye niliyewapa sababu."

Wachezaji waliofungiwa hawakuruhusiwa kufanya mazoezi na timu, kwa hiyo alikuwa akienda kwenye uwanja wa lami wa shule ya jirani, ambako ringi haikuwa na wavu. Alasiri moja alimkuta Umeme hapo, peke yake, anarusha mpira. Umeme alipomwona hakuacha kurusha.

"Umefurahi sasa?"

"Hapana. Niliomba yangu ipungue."

"Watu wanasema ulinivalia njuga."

"Ulinipasua jicho, ulistahili adhabu siku ile," Kabati alisema. "Lakini walikupa onyo, yakaisha. Kurudi nyuma kukuongezea si haki."

Umeme aliudaka mpira, akaukumbatia. "Hayo unaniambia mimi. Kawaambie wao."

"Twende wote."

Walikwenda kesho yake. Mwenyekiti alipowaona wameongozana mlangoni alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Alikiri kwamba kamati ilitaka kurekebisha kosa lake kwa haraka, ikaongeza jingine. Umeme akaachiwa, akacheza nusu fainali, na timu yake ikafungwa vilevile. Kamati ikaahidi kupanga adhabu ya kila kosa kabla ya msimu kuanza, ijulikane kwa wote.

Kuhusu Kabati, walisema kiwiko ni kiwiko. Alimaliza mechi zake sita jukwaani akiwa na kofia usoni. Katika sakata lote hilo, ni yeye tu aliyeitumikia adhabu yote. Dada alisema hilo kwa hasira kwa muda mrefu. Kabati mwenyewe aliumia kwa siku kadhaa, hasa timu yake ilipofungwa akiwa anatazama, kisha akaacha kulizungumzia.

Msimu uliofuata kocha alikuwa ameshamzoea kijana mwingine kwenye nafasi ile, na Kabati alikula benchi zaidi ya alivyotaka. Umeme alimpiga mtu kiwiko tena, akafungiwa kama ilivyopangwa, na hakuna aliyeandamana. Kabati alipostaafu, wachezaji walimchagua awawakilishe kwenye kamati. Alikubali kwa sharti moja, kwamba feni ile itengenezwe kwanza, maana siku ya rufaa yake nusu ya maneno ya mwenyekiti hakuyasikia.