Kulwa Aligombewa, Doto Akabaki Mkekani

Nakumbuka siku tuliyoanua matanga ya kaka yangu kule Usagara, na hadi leo, mwanangu, nikiikumbuka, damu inanichemka. Mkewe alikuwa ametangulia. Sasa naye tumemzika, na nyuma yao wamebaki watoto wawili wa kike, mapacha, Kulwa na Doto. Kulwa alikuwa mzima wa viungo. Doto alizaliwa na mtindio wa ubongo: miguu imekakamaa, shingo haijashika vizuri, na kifafa kinamjia mara kwa mara. Kusema hakuweza, ila kucheka alijua, na kumjua mtu anayempenda alijua zaidi.

Ukoo ukakaa kikao uani. Vitu viligawanywa upesi. Baiskeli ikapata mwenyewe, ng'ombe wakapata wenyewe, hata sufuria kubwa ya pilau iligombewa mpaka watu wakanuniana. Ndipo ikafika zamu ya watoto, nao wakaanza kugawanywa vilevile. Aliyekuwa anaongoza ni baba mdogo, ambaye alikuwa na duka pale njia panda. Binamu yetu mmoja kutoka Magu akasema atamchukua Kulwa akamsaidie kulea mtoto mchanga. Baba mdogo akasema hapana, Kulwa atakaa kwake, dukani kuna kazi. Wakavutana hivyo kwa muda mrefu, na mtoto mwenyewe yuko palepale mkekani anasikiliza, kamshika pacha wake mkono.

"Na Doto?" nikauliza.

Watu waliokuwa wanapigania sufuria ghafla wakawa wanaangalia vidole vyao vya miguu.

"Huyo apelekwe kituoni Buhongwa," baba mdogo akasema. "Si ndiyo kazi yao? Wanapewa misaada kwa ajili ya watoto wa namna hiyo."

Kituo chenyewe nakifahamu. Kilianzishwa na akina mama wa mtaani kwa ajili ya watoto wenye ulemavu, watoto wagonjwa na waliofiwa. Wifi yangu, alipokuwa hai, alikuwa akimpeleka Doto huko kufanyishwa mazoezi ya viungo. Msimamizi wa kituo, Mama Neema, alikuwa amekuja kutupa pole, na muda wote huo alikuwa amekaa kando ya Doto, anamfuta mate.

Basi mimi nikalipuka. Niliwaambia hawana haya. Nilimwambia baba mdogo, mbele ya watu, kwamba hata mbuzi mgonjwa asingemgawa hivyo. "Binti, kaa chini, hiki ni kikao cha wazee," akanikaripia. Nikakaa, nikalia kwa hasira.

Mama Neema akainuka. Akawaamkia wazee shikamoo kwa adabu, wakaitikia marahaba, wakidhani anakuja kuwashukuru.

"Kituo chetu si jalala," akasema. "Tunamnyoosha mtoto viungo. Tunamtafutia dawa. Aliyefiwa tunakaa naye mpaka aweze kusema kinachomuuma. Lakini jioni mtoto anarudi kwao. Huyu kaondokewa na mama, kaondokewa na baba, na leo ninyi mnataka kumwondolea na pacha wake. Wazee wangu, mmekula chakula cha matanga ya baba yake mkashiba. Mimi sitawasaidia kumtupa."

Halafu akanigeukia mimi, na mwanangu, nilidhani atanisifu.

"Na wewe umeshakasirika vizuri. Sasa sema, nani atakuwa anamleta kituoni?"

Nilikuwa na chumba kimoja Mabatini na cherehani ya kukodi. Nilitaka kusema sina nafasi. Lakini Kulwa alikuwa ananitazama, na macho yale sikuweza kuyakwepa. Nikasema, "Nitamleta mimi. Na wote wawili wanakuja kwangu." Baba mdogo hakupinga kuhusu Doto hata kidogo. Alisikitika kumkosa Kulwa tu, kwa sababu ya duka lake.

Usidhani niliweza peke yangu. Kulwa aliacha kabisa kuongea, na kuna mama pale kituoni aliyekaa naye wiki hadi wiki mpaka siku moja akamtaja baba yake na kulia. Fundi seremala alimtengenezea Doto kiti cha kumshika mgongo. Na waliokuwa wanakibeba kituo chenyewe ni watu wa kawaida tu: muuza dagaa aliyepita kuacha fungu lake bila kuomba apigwe picha, kijana wa bodaboda aliyembeba mama na mtoto bila nauli.

Leo je? Leo nafungua kundi la simu la ukoo wetu, nakuta wewe na ndugu zako mnaandika maneno yaleyale kuhusu mtoto wa marehemu mdogo wenu: "Apelekwe kituoni." Ninyi mliosoma! Harusi ikitangazwa mnashindana kuchanga. Kituo kikiomba nepi na dawa za kifafa, mnaweka kile kipicha cha mikono ya kuomba, mnaendelea na mambo ya mpira. Na mkienda, mnaenda na nguo zilizochanika na mpiga picha. Inaniuma, na sitaki kuficha.

Watu huniuliza, "Huyo Doto alikuja kuwa nani?" Wanataka niwaambie amekuwa mwanasheria, ndipo waone kwamba uji aliokunywa haukupotea. Doto hakuwa mwanasheria. Hajawahi kutamka neno. Ni mtu mzima sasa, bado namlisha, na Kulwa akiingia mlangoni anacheka mpaka majirani wanasikia. Mtoto hadaiwi faida ndipo apendwe.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kituo kisaidie mwaka mzima, si sikukuu tu. Ulizia kinachohitajika kabla hujapeleka unachotaka kukitoa nyumbani kwako. Nenda ukamnyooshe mtoto miguu kwa mikono yako mwenyewe. Lakini usikigeuze mahali pa kuondolea aibu ya ukoo, na mapacha au ndugu waliofiwa usiwatenganishe. Ukikasirika kama mimi, jiulize papo hapo ni nani utakayembeba.

Mungu akupe mgongo wenye nguvu na nyumba isiyochagua. Na siku yako ikifika, watoto wako wapate mtu wa kuwachukua wote.