Fundo la Bluu

Kila nikifungua chujio la mashine ya kufulia, harufu ya maji ya sabuni yaliyolala hunirudisha utotoni.

Yetu ilikuwa ya mtumba. Baba aliinunua Dar alipopunguzwa kazi kiwandani, mama akaanza kufua mashuka ya gesti moja ya Msamvu. Siku moja mama alikuwa uani, akiwahi kuanika kabla mvua ya mlimani haijashuka. Mimi nilitaka kumsaidia. Zamani, alipofulia kwenye karai, alifunga bluu ya kung'arisha nguo kwenye kitambaa, akalikoroga fundo majini mpaka mashuka yakawa meupe pe. Nikafunga fundo langu, nikalitumbukiza kwenye mashine.

Ilifua vizuri. Ilipofika kumwaga maji, ikaguna tu, na maji yasipotoka haikamui.

Baba alichomoa waya. Akaunyoosha mpira wa maji machafu, akaupuliza kwa mdomo. Wapi!

“Mota imeungua,” alisema taratibu, na utaratibu ule ulinitisha kuliko kelele. Mkanda wake ulining'inia msumarini. Nikaficha mikono nyuma, maana vidole vilikuwa vya bluu mpaka kwenye kucha.

Akailaza mashine, akafungua pampu. Maji yakatumwagikia miguuni, na bisibisi ikavuta kitambaa changu, fundo bado limekaza.

“Nani katia hili?”

Mama alikuwa ameshaingia, amesimama nyuma yangu. Mkojo ulinitoka. Akavikunja vidole vyangu ndani ya kiganja chake.

“Mimi,” alisema.