Maji Nyuma ya Kilima cha Nundu

Kisiwa kizima kilikuwa kinaandikwa upya, vilima na maji yake. Mwashi mzee naye akaitwa ofisini kutaja majina, maana alichimba mawe kila upande tangu ujana.

Utaratibu ulikuwa mmoja. Jina haliingii kwenye ramani mpaka litajwe na watu wawili wa nyumba mbalimbali, kila mmoja peke yake, mlango umefungwa.

"Kinywa kimoja ni uvumi, babu," alisema binti wa ramani. "Viwili ni jina."

Mwashi alitaja. Kilima cha Nundu. Pua ya Bibi. Kijito cha Wavivu. Binti akacheka, akaandika.

"Na ile chemchemi nyuma ya Nundu?"

Jina lake mwashi alilijua. Marehemu mkewe ndiye aliyelitamka, walipooana, akimletea chakula machimboni. Alisema amelitunga kwa ajili yake. Hakuwahi kulisikia kwa mtu mwingine.

"Watu husema maji tu," akajibu.

"Fundi cherehani ana jina lake. Ila hana mwenzake."

Fundi cherehani! Mtu huyo ndiye aliyewahi kupeleka posa kwa kina marehemu, ikarudi. Ugomvi haukuwapo. Lakini mwashi hajawahi kushonewa naye hata kifungo.

"Jina gani?"

"Siruhusiwi kusema. Wewe utaje kwanza."

Roho ikamchoma. Akinyamaza, hatajua kamwe fundi ana nini kinywani. Akisema, atajua, na huenda asipende. Na marehemu hayupo wa kuulizwa. Amelala, na siri zake zote.

"Hamna jina?" binti akauliza. "Basi nitaandika 'chemchemi'."

Chemchemi! Kama vile mkewe hakuwahi kukanyaga pale.

"Chekanami," mwashi akasema. Sauti ilitoka kama kokoto.

Binti akatabasamu, akatia alama. "Yamekutana, babu! Hilohilo."

Mwashi akashika ukingo wa meza. Hilohilo. Kwa hiyo yule mwanamke aliwahi kukaa pale na mwingine, akacheka, akasema neno lilelile. Kisha akaja kumpa yeye likiwa limeshavaliwa.

"Lifute."

"Nikilifuta, limekufa. Hakuna mwingine anayelijua. Nimeuliza kisiwa kizima."

Wivu ulimwambia: heri life. Lakini kulifuta ni kumzika mkewe mara ya pili, na kaburi la kwanza bado halijaota majani.

"Liache," akasema.

Barazani fundi cherehani alikuwa ameketi kwenye benchi, futi ya kupimia shingoni, akijifanya amepita tu.

"Umelisema?"

"Nimelisema."

"Alhamdulillahi. Niliogopa utalinyima." Fundi akasogea kumpa nafasi. "Keti basi, mzee mwenzangu. Leo tumechangia kitu."

"Tumechangia jina," mwashi akasema. "Mke hatukuchangia."

Fundi akacheka kidogo. "Sijasema hivyo."

"Wala usije ukasema."

Hakuketi. Alishuka ngazi, akashika njia ya Nundu, huku jua likimpiga utosini. Alitaka afike pale kwenye maji kabla ya fundi, ingawa fundi hakuwa ameinuka.