Sumu aliyokula Simba

Leo nimemtukana jirani, halafu yeye ndiye aliyenibebea mbwa hadi kwa daktari.

Asubuhi nilimkuta mbwa wangu Simba nyuma ya nyumba, hapa Rangwe, anatetemeka mwili mzima. Povu linamtoka mdomoni.

Juzi jirani yangu Mama Awino alilalamika kwamba Simba anafukuza kuku wake. Basi sikuuliza mtu. Nilienda uani kwake nikamwambia, "Umempa mbwa wangu sumu."

Aliingia ndani, akatoka na gunia, akamfunika Simba.

"Ita bodaboda kwanza," akasema. "Utanitukana tukifika."

Daktari wa mifugo alimdunga sindano ya kutuliza, akamwekea maji ya dripu mshipani. Kisha akaniuliza, "Shambani umeweka dawa ya konokono?"

Nilikuwa nimeweka. Jana, mimi mwenyewe, vile vidonge vya buluu. Wale konokono wasio na gamba walikuwa wamemaliza mboga yangu yote ya sukuma.

Daktari akasema vidonge hivyo huchanganywa na pumba, kwa hivyo mbwa huvila kama chakula.

Mama Awino alikuwa ameketi hapo hapo, anasikia. Nikamgeukia nimwombe msamaha, lakini tayari alikuwa kwenye simu na mumewe.

"Fungia mbwa wetu," alikuwa anamwambia. "Na watoto wasiingie kwa sukuma. Hiyo dawa hata mimi nimeweka."

Simba amelazwa, ila mtetemeko umepungua.

Sisi wawili tumeshinda tumeinama tukiokota vidonge, shamba lake kisha langu. Nimeomba msamaha mara mbili. Hajajibu, ila ameniachia kikombe cha chai.

Wewe ungeielewaje hiyo chai?