Muziki Usiotaka Ufunguo

Siku ya kwanza kuingia gereji, yule mwanamke alimng'oa fundi wa breki meno mawili. Fundi huyo alikuwa na mikono isiyotulia. Alimshika kiuno alipoinama kwenye boneti, akacheka, na kicheko kabla hakijaisha akapigwa spana ya mdomo. Mwenye gereji alitoka ofisini, akatazama meno sakafuni, akamtazama binti, akasema, "Huyu fyuzi yake inakatika upesi." Jina likaganda. Msimhurumie fundi wa breki. Alipata meno ya bandia na adabu, na vyote vilimkaa vizuri.

Fyuzi alijifunza umeme wa magari, na baada ya miaka kumi na sita hapakuwa na fundi wa kumfikia. Gari iliyowashinda wengine kwa wiki nzima yeye aliizunguka mara moja, akalala chini ya dashibodi na taa yake mdomoni, akatoka na waya ulioungua mkononi. Ulimi wake ulikuwa mkali na ngumi zake zilikuwa jirani. Wateja walimwogopa, na bado walipanga foleni.

Hasira ile ilikuwa na mwenyewe. Mama yao alipofariki alimwachia mdogo wake wa miaka tisa, na Fyuzi alimlea kwa mshahara wa gereji na kwa mikono miwili. Mwalimu aliyemchapa yule mtoto mpaka mgongo ukachanika alifuatwa nyumbani kwake, akachapwa kwa fimbo yake mwenyewe mbele ya mke wake. Kijana aliyemrushia mawe alishonwa nyuzi saba. Fyuzi hakuwa na falsafa ndefu. Anayemgusa mdogo wangu, namgusa.

Mdogo mtu alipoolewa, dada mtu alimchunguza bwana harusi kama anavyochunguza gari la mkononi, na hakuona kasoro. Shemeji alikuwa mtu wa muziki. Alikuwa na gari lenye spika buti zima, analikodisha kwenye sherehe na matangazo. Mcheshi, mtu wa watu, hapiti mtaani bila kutaniana na mtu. Alimwita Fyuzi "mkwe wangu wa kiume" na Fyuzi, ambaye hakucheka ovyo, alicheka.

Siku moja shemeji alileta gari gereji.

"Shemeji, nataka muziki uendelee hata nikitoa ufunguo."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka nitakapotaka mwenyewe. Nikiwa kazini watu wanacheza, mimi sitaki kuacha ufunguo ndani, vibaka wananiangalia."

Ombi la kawaida kabisa. Kwa asiyejua, amplifaya ina waya mnene unaotoka kwenye betri, mwingine unaofungwa kwenye bodi ya gari, na wa tatu mwembamba ambao kazi yake ni kuiamsha. Huo mwembamba hutegemea redio, na redio hutegemea ufunguo. Ukitoa ufunguo, vyote vinalala. Fyuzi aliitoa redio kwenye ufunguo akaipa umeme wa moja kwa moja, akaupitisha waya wa kuamsha kwenye swichi chini ya kiti cha dereva, kisha akafunga betri ya pili kwenye buti ili ile ya kuwashia injini isinyonywe. Alishauri kitu kimoja tu.

"Nikuwekee na cha kuzima chenyewe betri ikichoka?"

"Hapana. Isizime yenyewe. Nitazima mimi."

Alifanya kazi ile kwa moyo mmoja, akaichomelea kila sehemu, akaizungushia tepu vizuri. Ilikuwa zawadi kwa familia. Hakumtoza hata senti.

Baada ya miezi miwili shemeji alirudi na betri ya pili imekufa. Aliacha gari asubuhi, akasema atalifuata mchana, akaondoka anapiga mluzi. Fyuzi alilala chali chini ya usukani, akamulika swichi yake. Ilikuwa ile ya kubonyeza pande mbili, upande wa kuwasha na upande wa kuzima. Upande wa kuwasha ulikuwa safi. Upande wa kuzima ulikuwa na damu iliyokauka, alama ya kidole gumba juu ya alama ya kidole gumba, na nyingine imeingia kwenye mianya.

Alikumbuka mkono wa shemeji alipompa ufunguo asubuhi ile. Vifundo vya vidole vimevimba, lakini hapakuwa na kidonda popote. Basi damu haikuwa yake.

Fyuzi hakunawa hata mikono. Alikodi pikipiki mpaka nyumbani kwa mdogo wake, akagonga, na mlango ukafunguliwa nusu. Uso ulikuwa mzima. Yule bwana alijua pa kupiga. Lakini mdogo wake alitembea ameshika ubavu kama mtu aliyebeba yai kwapani, na alipokaa alifumba macho.

"Nilianguka bafuni, dada."

"Umeanguka mara ngapi?"

Mdogo mtu alitazama dirishani, mahali gari linapoegeshwa. "Kila anapoleta muziki nyumbani," akasema. "Anarudisha gari kinyumenyume mpaka ukutani, anawasha, anatoa ufunguo, anaingia ndani na kufunga. Ananiambia nilie nitakavyo."

Fyuzi alisikia damu inampanda mpaka masikioni. Waya ule aliufunga yeye, kwa vidole vyake, na alijisifu.

"Fungasha nguo. Sasa hivi."

"Siendi. Mara ya kwanza nilikimbilia polisi. Walikuja, wakauliza majirani. Mtaa mzima ukasema hapa ni nyumba ya furaha, hawajasikia kitu ila muziki. Polisi wakanicheka, wakanirudisha kwake kwa gari lao. Siku ile ndiyo alinivunja mbavu. Nikiondoka ameapa ataanza na wewe."

"Aje basi. Namngoja."

"Utampiga, nakujua. Utamvunja, utafungwa, na yeye atabaki nje na mimi. Dada, wewe ukifungwa mimi nimekwisha."

Maneno yale yalimfunga Fyuzi mikono. Kwa mara ya kwanza maishani aliimeza hasira yake, na aliimeza kwa sababu mdogo wake alikuwa na haki. Kilichohitajika si ngumi. Kilichohitajika ni mtaa kusikia kwa masikio yake. Hakumwambia mdogo wake alichokuwa anakifikiria, kwa kuogopa asije akajisaliti kwa macho. Alirudi gereji, akabadilisha betri iliyokufa, akachukua taima ndogo kwenye sanduku, akaifunga kwenye waya wa kuamsha, ndani kabisa nyuma ya dashibodi. Muziki ungewaka kama kawaida, kisha baada ya muda amplifaya ingelala, hata swichi ikiwa imebonyezwa.

Muda gani? Hapo ndipo alipokaa na kutafuna mdomo. Dakika moja ilikuwa tamu. Lakini alimjua shemeji, hachukui kazi bila kuijaribu. Muziki ukizimika mikononi mwake hapo gereji, ataenda kwa fundi mwingine, na mlango ule hautafunguka tena. Akaiweka dakika nane.

Mchana shemeji alikuja. Akawasha, akatoa ufunguo, akaurusha juu na kuudaka, akaagiza soda. Aliinywa polepole huku spika zikitikisa mabati, akimsimulia mwenye gereji habari za harusi fulani. Fyuzi aliitazama saa ya ukutani. Dakika ya sita ilipita. Shemeji aliinama, akabonyeza swichi, kukawa kimya.

"Mikono yako dhahabu, mkwe wangu."

Akampa mkono. Fyuzi aliushika, akausikia ule uvimbe kwenye vifundo, na akauachia bila kuuvunja. Hilo kwake lilikuwa jambo zito kuliko gari lolote alilowahi kulisukuma.

Shemeji hakuwa na sherehe mpaka Jumapili, na siku tatu Fyuzi alishinda kwa mshonaji, ambaye kibanda chake kilitazamana na nyumba ya mdogo wake, akisingizia ovaroli mpya. Mshonaji alimpima mara mbili na kumchoka. Jumamosi, saa nne asubuhi, gari likaja. Likarudi nyuma mpaka ukutani, buti likafunguliwa chini ya dirisha la chumba. Muziki ukalipuka. Shemeji alishuka na ufunguo mkononi, akampungia mshonaji bila kumwona Fyuzi nyuma ya nguo zilizotundikwa, akaingia ndani.

"Hao nao kwa muziki," mshonaji akasema kwa sauti ya juu ili asikike. "Kila wiki. Mapenzi hayo."

 Fyuzi alikuwa ameshika ukingo wa meza ya cherehani na macho yake yapo kwenye saa. Dakika ya kwanza. Ya pili. Vikombe vya mshonaji vilitembea rafuni. Dakika ya tatu alijiambia angoje, ndiyo hesabu yenyewe, akitoka mapema ataonekana chizi anayegombana na watu wanaosikiliza nyimbo. Ya nne alijiambia hivyo tena, na safari hii hakujiamini. Dakika ya tano pazia la chumba liling'oka, na kiganja kikabandika kwenye kioo, kikateleza kuelekea chini. Kilipopita kioo kilibaki chekundu.

Alivuka barabara kabla hajajua amesimama. Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Aliupiga kwa bega, kwa mateke, kwa tofali. Alipiga kelele mpaka koo likawasha, na sauti yake mwenyewe hakuisikia. Watu waliokuwa wanapita walimtazama wakatabasamu, walidhani anacheza.

Kisha dakika ya nane ikafika na muziki ukakatika.

Kwanza mtaa ulisikia mapigo. Yalikuwa mazito, yana mpangilio, kama mtu anayekung'uta godoro. Halafu ukasikia sauti ya mwanaume wanayemjua, yule mcheshi, akisema, "Sema tena. Sema tena." Halafu mwanamke akilia, si kilio cha kuita mtu, kilio cha aliyezoea kutoitikiwa. Masikio ya shemeji yalikuwa bado yamejaa muziki wake, hakujua kwamba umezimika. Aliendelea. Kinyozi alisimama kwenye mlango wake na mashine ikivuma mkononi. Mteja wake alisimama na nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa. Mshonaji aliweka mkono mdomoni, kwa sababu ni yeye aliyewaambia polisi, "Mimi huwa nasikia nyimbo tu."

Kinyozi na wenzake waliubomoa mlango kwa benchi lake la wateja. Fyuzi aliingia wa kwanza. Shemeji aligeuka na chuma cha kusimamishia spika mkononi, akamshushia begani, mfupa ukalia. Fyuzi alimrukia na ule mkono uliobaki. Koleo alilolichomoa mfukoni lilimpata kwenye kifundo, chuma kikaanguka, likampata puani, likampata mdomoni, likampata tena. Wanaume watatu walimkalia shemeji, na Fyuzi akaendelea kupiga popote palipobaki wazi, mpaka mshonaji alipomkumbatia kwa nyuma.

"Acha, dada yangu, utamuua. Acha. Tumesikia. Safari hii tumesikia sote."

Polisi walipofika, mtaa haukung'ata maneno. Watu kumi na mmoja walitoa maelezo, na yule mwenye nusu ya kichwa alikwenda kituoni hivyohivyo, hakutaka kurudi kukaa kwenye kiti kwanza. Shemeji alipelekwa rumande amefungwa bendeji usoni na dhamana akanyimwa.

Hospitali, dada na mdogo walilazwa vitanda viwili vinavyofuatana, mmoja na bega, mwingine na mengi. Siku ya nne daktari alisema mbavu zitaunga, mkono utaunga. Jicho la kushoto hapana, hilo limekwenda. Alipotoka, mdogo mtu akauliza muziki ulizimikaje.

Fyuzi alimweleza yote. Hakumficha swichi wala damu wala taima. Alieleza haraka, kama anavyomweleza mteja aliyelipa, na hata alijivuna kidogo alipofika kwenye kuficha taima nyuma ya dashibodi, maana mpango ulifanya kazi na mdogo wake alikuwa hai.

"Uliiweka dakika ngapi?"

"Nane. Angeijaribu gereji, na aliijaribu kweli. Ingekuwa chini ya hapo angegundua."

"Ni kweli, angegundua." Mdogo wake aligusa bendeji kwa ncha za vidole. "Mkono alinivunja mapema, wimbo wa kwanza. Jicho ni baadaye. Wimbo wa pili ulikuwa unaelekea kuisha."

Fyuzi alihesabu kwa vidole, wimbo mmoja dakika nne, akakomea kwenye dakika ya saba.  

"Sikulaumu," mdogo wake akasema, akamgeuzia lile jicho lililobaki. "Ila nane zilikuwa nyingi, dada."