Chakula Nilichoweza Kutamka

Mwaka ule niliokaa Sotik nilikula ugali na maziwa karibu kila mchana katika hoteli ndogo ya sokoni, na si kwa kupenda. Kuviagiza ndiyo sentensi pekee ya Kikipsigis, lugha ya huko, niliyoweza kuimaliza. Nyama ya kukaanga ilinukia kutoka jikoni, lakini kuiagiza kulitaka maneno ambayo yangenikwama mbele ya watu. Basi nikala kile ulimi ulichokubali.

Sikujifunza lugha hiyo kwa kujifurahisha. Baada ya chuo kikuu nilikaa nyumbani, kule kwetu ziwani, hadi majirani wakaacha kuniuliza habari za kazi. Kisha chama kidogo cha wakulima wa chai kikanichukua kwa majaribio, niwafundishe kupogoa na kuweka mbolea. Mwenyekiti alinieleza wazi: mvua ikiisha na bado nahitaji mkalimani, watatafuta mtoto wa hapo.

Hotelini ndiko nilikojipima. Nilifanya mazoezi njia nzima, nikiketi nikarudia kimoyomoyo, nikajiuliza kama sauti yangu ingesikika kama ya mtu anayeomba au anayeamuru, na kama mama mwenye hoteli angecheka. Hakucheka hata siku moja. Alinijibu kwa Kiswahili, kila mara, kwa upole. "Ofisa, sema tu Kiswahili, chakula itapoa." Upole huo ulininyima usingizi kuliko kicheko.

Siku moja ya soko, mvua zikikaribia kwisha, hoteli ilijaa. Mama alipita mbio na sahani mikononi. Nikasema, "Konon kimnyet ak cheko," nipe ugali na maziwa, naye, bila kunitazama, akanijibu kwa lugha yake kwamba maziwa mala, yale ya kuganda, yamekwisha, ningoje ya moto. Nilielewa yote. Nikamwambia "Kongoi", asante, nikaegemea ukuta nikidhani nimevuka.

Mzee aliyeketi mezani kwangu, mmoja wa kamati ya chama, alinigeukia akiwa amefurahi. Tukasalimiana kwa lugha yake. Akauliza habari za kazi, nikajibu. Kisha akaniuliza swali ambalo kule mwanamume humuuliza mwenzake ili ajue amweke wapi: rika langu ni lipi, yaani nilitahiriwa pamoja na akina nani.

Nililielewa, na hilo ndilo lililoniumiza. Kwetu hatuingii rika kwa njia hiyo. Majina ya marika niliyajua, ningeweza kuazima moja, lakini angetaka kujua jandoni tulikaa wapi na nani alitufunza. Ningeweza kusema sina. Lakini mwanamume asiye na rika ni nani mbele ya wazee, na nani atamsikiliza akisema mbolea iwekwe lini? Maziwa yaliletwa nikiwa bado nafikiri.

"Kumbe wewe ni mgeni," mzee akasema kwa Kiswahili, bila ubaya. "Kunywa maziwa, kijana yangu."

Hakunisemesha tena kwa lugha yake, nami sikuthubutu kuianza.

Mvua zilipoisha na kamati ikakaa kuamua kuhusu kazi yangu, wazee waliniuliza maswali kwa Kiswahili kitupu, kwa adabu. Walipocheka, mzee yule aliniinamia akanitafsiria mzaha. Nilijua kazi imekwisha kabla mwenyekiti hajanipa mkono wa kuniaga.

Siku ya kuondoka niliagiza nyama ya kukaanga, kwa Kiswahili. Mama aliileta upesi. Baadaye alirudi kupangusa meza, akaniuliza mbona sijaigusa.