Moyo wa Liberatus, Kifua cha Tadeo

Katika madereva wote wa njia ya Mbeya na Iringa, hakuna aliyemzidi Liberatus kwa kutoamini. Akinunua mkaa, anamwaga gunia lote chini aone kama katikati hawakuweka majani. Ukimwambia "kamwene", salamu ya kwao Uhehe, asubuhi, anakutazama kwanza usoni ajue unataka nini, ndipo aitikie. Alipata mchumba kule Kalenga, akamchunguza miaka minne. Dada wa watu alipochoka kuchunguzwa akaolewa Njombe, na Liberatus akasema, "Mnaona? Nilijua tu ana haraka."

Kitu kimoja tu alikiamini, nacho ni lori la mchele la Bwana Alawi, mfanyabiashara wa Mbeya mjini. Aliliendesha miaka kumi na moja. Wanawake wa sokoni Chimala walilijua kwa honi yake, wakaanza kufunga mizigo yao kabla hata vumbi halijaonekana. Akishuka kwenye lori, Liberatus alikuwa mwanamume mfupi mwenye koti kuukuu. Akipanda, alikuwa mtu.

Basi mwaka 1957, wakati wa mavuno ya mpunga, akipandisha mlima wa Inyala na mzigo kutoka Ubaruku, pumzi zikamkatika. Alisogeza lori pembeni, akavuta breki, akainamia usukani. Kifua kilidunda kama watu watatu wanatwanga kinu kimoja.

Pembeni yake alikaa Tadeo, mpakia magunia, Mngoni wa Songea. Mhehe na Mngoni ni watani tangu babu zao walipopigana, na hadi leo hakuna anayekubali kwamba babu yake ndiye aliyekimbia.

"Mhehe," alisema Tadeo, "unasali au unakufa? Niambie mapema. Mimi mtani wako ndiye nitakayekuzika, na sanda sijanunua."

"Nyamaza, mkimbizi wewe," alisema Liberatus, lakini sauti ilitoka kama ya mtu aliyemo ndani ya pipa.

Habari zilifika Mbeya kabla ya mchele. Bwana Alawi alinyoosha mkono, akachukua ufunguo.

"Liberatus, baba yangu, mchele ukimwagika nitanunua mwingine. Wewe ukizimia kwenye usukani unaondoka na watu. Nenda hospitali wakupime moyo. Niletee barua kwamba mzima, ufunguo wako huu hapa. Bila barua, hata tairi usilipige teke."

Hospitalini alikuwapo daktari mgeni, aliyekuja kwa wiki mbili na mashine ya umeme inayochora mapigo ya moyo kwenye karatasi. Dresa mmoja, yaani msaidizi wa daktari, jina lake Edmund, kijana mwenye suruali iliyonyooshwa hadi inatisha, akampa Liberatus cheti na maelezo.

"Jumatatu saa mbili asubuhi. Tangu Jumapili usivute sigara wala kunusa ugoro. Asubuhi usinywe kahawa wala chai ya rangi. Kula kidogo tu. Oga, lakini usijipake mafuta, maana vibati vya mashine havitashika ngozi. Vaa shati la kufungua mbele. Saa na bangili viache nyumbani. Dawa yoyote unayotumia, ya hapa au ya kienyeji, ije na chupa yake. Na usije mbio. Fika mapema, ukae, moyo utulie. Haiumi."

"Haiumi?"

"Haiumi."

Liberatus alitoka pale akigeuka nyuma kila hatua. Siku zile habari za mumiani zilikuwa kila kilabu cha pombe, wale watu wanaosemwa kwamba hunyonya damu za wenzao wakatengeneze dawa. Njiani aliyapindua maneno ya dresa moja moja. Usile sana: hata mbuzi wa sikukuu hashibishwi. Usijipake mafuta: kuku naye hunyonyolewa kwanza. Njoo na dawa zako: wanataka kujua kinachomlinda ni nini. Na hilo la mwisho ndilo lililommaliza. Tangu lini kitu kisichouma kikatangazwa kwamba hakiumi?

Lakini barua aliitaka. Jumapili jioni akamfuata Tadeo.

"Mtani, kazi yako kwangu ni nini?"

"Kukuzika."

"Utanizika vipi hujui kilichoniua? Kesho utakwenda wewe. Cheti hiki hapa, jina lako ni Liberatus. Ukitoka mzima, nimepata barua. Usipotoka, nimejua."

Tadeo alicheka mpaka akashika ukuta. Mtani akiombwa jambo la kipuuzi hana njia ya kukataa, atasimangwa mpaka kaburini. "Nitakwenda. Ila mashine ikigundua kwamba moyo wa Liberatus ni wa Kingoni, watakupa na ng'ombe wa pongezi."

Hapo ndipo Liberatus alipofanya kosa lake kubwa, na alilifanya kwa uangalifu wote. Aliamua kwamba kama maagizo ya dresa ni mtego, dawa yake ni kuyageuza. Alfajiri alimpaka Tadeo samli ya Rujewa kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, ili vibati vikose pa kushika. Alimnywesha kahawa nyeusi vikombe vitatu. Akamjaza ugoro puani, kidogo wa ushujaa na kidogo wa akiba. Kisha akamwambia akimbie njia nzima, damu ipate moto, wenye kuitaka iwaunguze.

Edmund alikuwa wodini. Kwenye mashine alikuwapo sista Marta, ambaye hakumjua Liberatus wala Tadeo. Alifuta samli kwa pamba mpaka pamba ikaisha. Vibati viliteleza, kalamu ya mashine ikarukaruka. Daktari akashika mkono wa Tadeo, akatazama saa, akakunja uso.

Tadeo alirudi hana utani hata mmoja. Alikaa juu ya gunia tupu mbele ya duka la Bwana Alawi, bahasha mkononi.

"Karatasi yote kama kuku amekanyaga wino," alisema. "Sista kaniuliza nina watoto wangapi. Nikasema wanne. Akanyamaza. Mtu anayeuliza watoto halafu ananyamaza, Liberatus, huyo kaona nini?"

Liberatus akaipeleka bahasha ndani, Bwana Alawi akaifungua barua. Moyo wa Liberatus unakwenda mbio mno na mistari haisomeki vizuri. Asiendeshe gari kabisa mpaka achunguzwe upya.

"Basi," alisema Bwana Alawi, akautia ufunguo mfukoni. "Nitatafuta dereva mwingine."

Kwanza Liberatus alimshuku Bwana Alawi, kwamba ameelewana na daktari. Kisha akamshuku Tadeo, kwamba anakitaka kiti chake. Lakini siku ya pili alimwona Tadeo, aliyezoea kubeba gunia huku anapiga mluzi, ameshika kifua chake kwa viganja viwili kama mtu aliyebeba yai. Magunia hayagusi. Mkewe alikuwa akilia. Liberatus akapekua kichwa chake chote atafute wa kumshuku mwingine, akajikuta peke yake.

"Twende," akamwambia.

Mbele ya Edmund alieleza yote, macho chini. Edmund alisikiliza mpaka kwenye samli, akavua kofia.

"Mzee Liberatus, wewe ulikuja kupima moyo au kukaanga? Huyu umemjaza kahawa, ugoro, na mbio, halafu unaiuliza mashine kwa nini moyo wake unakimbia! Na mashine imeandika kwa jina lako. Tungeweza kumtibu mzima na kumwacha mgonjwa!"

"Mimi nilijihadhari," alisema Liberatus.

"Umejihadhari na mimi. Nani atakuhadharisha na wewe mwenyewe?"

Wakapewa Alhamisi. Safari hii Tadeo ndiye aliyekuwa askari. Jumatano nzima hakubanduka kwake: alimnyang'anya sigara, akaificha kahawa, akamkagua ngozi kwa kidole. Walifika saa moja wakakaa kwenye benchi, mashati ya vifungo, Liberatus na kichupa cha mizizi aliyokuwa akinywa kwa siri kwa ajili ya pumzi.

Tadeo alianza. Mistari yake ilitoka safi kama mfereji wa mpunga. Moyo mzima, arudi kwenye magunia yake.

Liberatus alilala akitazama kila waya unakotoka na unakokwenda. Alingoja maumivu. Hayakuja, jambo ambalo halikumfurahisha. Daktari alisoma karatasi kwa muda mrefu, akainusa ile mizizi, akasema na Edmund akamfasiria: moyo umechoka kweli. Mizizi aache. Dawa zipo. Miezi mitatu asishike usukani, kisha arudi kupimwa.

"Angalau ni mistari yangu," alisema Liberatus.

Jumamosi barua hiyo aliipeleka mwenyewe kwa Bwana Alawi, bila kuombwa. Lori lilikuwa likinguruma, limepakiwa kwa safari ya Iringa, na kwenye usukani amekaa dereva mpya, Msafwa mwenye mabega mapana. Tadeo alimsaidia mtani wake kupanda upande wa abiria, maana Liberatus alikuwa anakwenda kwa mama yake Iringa kupumzika.

"Pole pole, bibi harusi," alisema Tadeo.

Liberatus alikuwa amemgeukia dereva mpya, anamtazama kifuani.

"Wewe kijana," alisema, "umepimwa?"